Mgongo wa Mama Taprandich

Alhamisi, 7 Machi 1996

Siku ya wagonjwa wa mgongo hospitalini. Benchi lilijaa kabla sijafungua mlango. Taa ya joto imewaka asubuhi nzima, chumba kinanuka mafuta ya kukandia na makoti yaliyolowa. Mvua imekuja mapema mwaka huu.

Nimekanda. Kama kila Alhamisi. Mke wa pasta, dereva wa trekta, mzee wa kiuno, wote. Kidole gumba cha kulia kimevimba. Nani atamkanda mkandaji?

Mama Taprandich alikuwa wa mwisho. Hupenda kuwa wa mwisho ili asiharakishwe. Alilala kifudifudi, akafumba macho. Mwaka wa nne huu. Aliteleza kwenye matope akiwa na kikapu cha majani ya chai mgongoni. Mfupa haukuvunjika, picha haikuonyesha kitu, lakini tangu siku ile hajachuma hata jani moja. Hainami. Habebi maji. Anafunga ule mkanda mgumu wa mgongo niliompa mimi mwenyewe, mchana na usiku. Nikimwuliza inauma vipi, jibu ni moja: "Ni kidogo tu, daktari." Nikibonyeza, misuli inaruka chini ya kidole. Uso hautikisiki.

Nimerudi kutoka kozi ya Nairobi wiki jana. Karibu yote niliyofanya leo, kozi ilisema niache. Sikuthubutu.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani nilikaa nyuma. Ibada yote Kikipsigis. Nyimbo nimezishika, mahubiri yananipita juu. Watu hunisalimia vizuri, kisha wanakwenda kwao na mimi nakwenda kwangu. Chumba, jiko, redio.

Zamani nyumba mbili za jirani zilikuwa za watu wa kwetu Vihiga. Jumapili tulipika pamoja, tukacheka mpaka majirani wakatuchungulia. Mwaka ule wa fujo za makabila waliondoka na hawakurudi. Mimi nilibaki kwa sababu ya kazi, au ya ukaidi. Wiki ile hakuja mgonjwa yeyote ila Mama Taprandich. Alikuwa ndiyo kwanza ameanguka, jirani zake wawili wakamshika mkono mpaka mlangoni. Alilala, nikamkanda. Sijasahau.

Nimesoma tena niliyoandika kwenye kozi. Maumivu si kipimo cha jeraha. Jeraha hupona, lakini mishipa ya fahamu ikishaumizwa sana hubaki na woga, inapiga yowe hata kwa kitu kidogo. Mgonjwa naye anaogopa, analala, anajifunga mikanda, mwili unalegea, yowe linazidi. Na yule anayemkanda kila wiki anamwambia kwa mikono yake: ndiyo, umeharibika, usiende mbali nami.

Hiyo ya mwisho iliniuma. Niliikata kwa kalamu pale darasani, halafu nikaiandika upya.

Dawa ni asogee. Kidogo, kila siku, kwa mpango. Asimame pale mpango unaposema, si pale maumivu yanaposema.

Kwa hiyo nikifanya kazi yangu sawasawa, Alhamisi zangu zitakuwa tupu. Siipendi kozi hii.

Jumanne, 12 Machi

Sista Zipporah wa wodi ya kujifungulia amenipa habari za Mama Taprandich ambazo mwenyewe hajawahi kunigusia. Marehemu mumewe alimwachia shamba la chai, si kubwa, lakini ni zuri, liko upande wa Kapkatet inakoshuka barabara. Binti yake wa pekee ameolewa Ndanai. Tangu augue huchumiwa na vibarua, na vibarua huchuma lolote, jani gumu na bua lake. Karani wa kituo cha kununulia majani huwarudisha nalo. Sasa shemeji yake, arap Maritim, anasema mjane asiyeweza kuinama hawezi kutunza chai, na yeye yuko tayari kumsaidia kuitunza. Wazee wa ukoo watakaa mvua ikiisha, mwezi wa sita.

Najua msaada wa namna hiyo. Ukishaupokea unabaki na jiko na kuku.

Basi ndiyo hivyo. Akichuma chai yake mwenyewe, watu wakamwona, shamba ni lake. Asipochuma, limekwenda. Na mimi kwa miaka minne nimekuwa nikimpaka mafuta.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemwambia leo.

Alikuwa ameshaanza kufungua mkanda alale. Nikamwambia hapana Mama, kaa. Nikamweleza kwa Kiswahili changu chote, na Zipporah akatia Kikipsigis pale nilipokwama. Nilimwambia mgongo umeshapona. Kinachouma si uongo, kinauma kweli, ila ni kama mbwa aliyepigwa mawe na mwizi siku moja, sasa anabweka hata upepo ukitikisa mlango. Mbwa hatumpigi. Tunamzoesha pole pole kwamba mwizi hayupo.

Akanitazama sana. "Mbwa yangu ikibweka, mimi naamka na rungu," akasema. Zipporah alicheka mpaka akashika ukuta.

Nikampa kazi. Kutembea mpaka mtoni na kurudi kila asubuhi. Kuinama kidogo kila siku, akishika meza. Mkanda avue mchana. Wiki ya pili aingie kwenye chai bila kikapu, achume kwa mkono, mstari mmoja tu, atoke. Asitishwe na maumivu, hayamdhuru. Mvumilivu hula mbivu, nikamalizia, najiona mwalimu.

Alifunga koti. "Na leo hukandi?"

Nikasema sikandi.

"Mikono yako iko mgonjwa?"

Nikasema mikono ni mizima. Akaondoka. Mlangoni akageuka kidogo kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaenda. Nilihisi nimemfukuza mama yangu mzazi.

Jumatatu, 18 Machi

Habari zimeenea. Daktari wa kukanda amekwenda Nairobi kusomea uvivu. Dereva wa trekta ameniambia usoni, kwa heshima zote. Mke wa pasta nasikia amepata mkandaji sokoni Merigi, anatumia mafuta ya kondoo. Na aende. Atanuka kondoo.

Nimekasirika siku nzima na sijui nimemkasirikia nani.

Alhamisi, 21 Machi

Benchi nusu. Mama Taprandich amekuja. Ametembea kutoka kwake, hakupanda kitu. Anaenda mtoni kila asubuhi. Ameinama mbele yangu, vidole vikafika magotini, akainuka peke yake. Nikamwuliza inauma vipi. Kidogo tu.

Nimeandika kwenye kadi yake: maumivu kidogo, anaendelea vizuri. Nimefurahi kama mjinga. Jioni nimekaanga mayai mawili kwa ajili ya sherehe, nikala nikiwa nimesimama.

Alhamisi, 28 Machi

Ameingia kwenye chai. Mstari mmoja, bila kikapu, kama tulivyopanga. Ameniletea majani machache kwenye leso nione: majani mawili na chipukizi, safi, kila moja. Mikono haijasahau. "Ni kidogo tu," akasema kabla sijauliza.

Nikamwambia wiki ijayo achukue kikapu, aweke robo. Akauliza, na uchungu ikikuja? Nikamwambia ikija isikutishe.

Akaitikia kwa kichwa mara moja, taratibu, kama mtu anayepokea agizo. Nililiona hilo. Sikulifikiria.

Alhamisi, 4 Aprili

Hakuja.

Nilikaa mpaka jioni. Mvua ya mawe saa tisa, kwenye mabati husikii hata mawazo yako. Labda ni mvua.

Jumamosi, 6 Aprili

Si mvua. Zipporah amepita kwangu kuniambia, hakutaka hata kukaa. Jumanne Mama Taprandich aliingia kwenye chai alfajiri na kikapu kizima. Akachuma mpaka kikajaa, akapeleka, akarudi, akajaza tena. Hakukaa chini hata mara moja. Vibarua walimwona wakaacha kazi kumtazama. Lori la majani lilipoondoka kituoni alitembea mpaka kwake wima kama mlingoti, akafunga mlango. Tangu hapo hajainuka. Jirani anamnywesha uji kwa kijiko.

Nimemwuliza Zipporah kwa nini hakuniambia mapema. Anasema Mama alikataza.

Siwezi kula. Kesho ni Pasaka.

Jumapili, 7 Aprili. Pasaka

Sikwenda kanisani. Nilikwenda kwake.

Shemeji yake alikuwa mlangoni amevaa koti zuri la sikukuu. Mtu mrefu, mpole wa maneno. Aliniamkia, akaniuliza habari za nyumbani, akaniuliza mvua. Kisha akasema, "Daktari, nasikia wewe ulimwambia uchungu ni uongo."

Nikasema sikusema hivyo.

"Basi sasa ameumwa na uongo." Akanipisha njia niingie. Nikaingia.

Mama alikuwa amelala chali, mkanda umerudi, umekazwa mpaka pumzi inapita juu juu. Jasho kwenye mdomo wa juu. Nilikaa kwenye kigoda. Nikamwuliza kwa nini, Mama, tulisema robo. Akangoja mpaka viatu vya shemeji viliposikika mbali.

"Ulisema isinitishe," akasema. "Haikunitisha."

Na akatabasamu! Alikuwa na fahari. Alilala pale hawezi kugeuka, na alikuwa na fahari.

Nimerudi kwa miguu, na njiani nikaelewa nilichofanya. Wodi ya kujifungulia huku ni kimya kuliko kanisa. Kwetu mama akijifungua mlima mzima hupata habari. Huku mwanamke hung'ata shuka, akitoa sauti atatajwa nayo uzeeni. Mvulana siku ya kutahiriwa hutazamwa kope, ikitikisika ni aibu ya ukoo. Mtu aliyelelewa hivyo mimi nimemwendea na kozi yangu nikamwambia maumivu yasikutishe, mvumilivu hula mbivu. Amesikia alichofundishwa tangu utoto. Amesikia kwamba daktari anataka kuona kama ataweza. Na ameweza.

Ile "kidogo tu" nayo niliiandika kwenye kadi kama kipimo. Haikuwa kipimo. Ilikuwa adabu.

Kitu chenyewe nilichotakiwa kumfundisha ni kinyume: kusimama kabla ya kuchoka. Kuweka kikapu chini wakati bado una nguvu. Nani huku atakubali jambo hilo?

Jumatatu, 8 Aprili

Sikukuu. Hospitali tupu. Nimefua nguo, hazikauki. Nimeongea peke yangu kwa Kimaragoli chetu, kwa sauti, kwenye sinki. Nilijisikia ovyo.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimekwenda kwake baada ya kazi nikabeba mafuta.

Nimemkanda. Mgongo mzima, taratibu, mpaka giza likaanza. Kozi ingenicheka. Alilala, usingizi wa kweli, wa kukoroma. Nilijiambia ni kutuliza misuli kwanza, ili aweze kuanza upya, na kuna ukweli ndani yake. Lakini hapa niandike yote. Sikuwa nimemgusa mtu yeyote tangu katikati ya Machi. Nilikuwa na njaa ya kugusa mgongo wa mtu anayenijua.

Jirani akanipa maziwa lala yaliyoganda kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa ndani. Nimeyanywa yote njiani.

Jumanne, 16 Aprili

Nilishuka kununua mafuta ya taa, nikapita kituo cha majani. Foleni ya akina mama na vikapu. Karani alimwaga majani ya mmoja mezani, akayavuruga kwa mkono, akamrudishia. Jani gumu limezidi. Yule mama akasogea pembeni, akatandika gunia, akaketi kuchagua moja moja. Aliketi muda mrefu. Hakuna aliyemtazama vibaya. Wengine walimpongeza alivyo makini.

Nilisimama pale mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimesahau pesa.

Mchumaji akikaa chini kwa sababu ya mgongo, amekaa chini. Akikaa kuchagua majani, anafanya kazi.

Alhamisi, 18 Aprili

Nilimkuta ameketi nje kwenye jua, amevaa mkanda, anachambua mboga. Nimeomba radhi kwanza. Kwa Kikipsigis, maneno ambayo Zipporah alinifundisha, na nadhani niliyavunja yote. Aliendelea kuchambua mboga, kwa heshima.

Kisha nikamwambia mpango mpya. Achume nusu mstari. Aweke kikapu chini, atandike gunia, aketi, achague majani mpaka yawe safi. Ndipo aendelee nusu nyingine. Iumie isiumie, aketi. Nilirudia hapo, kwa sababu ndipo nilipokosea. Hata siku mgongo umetulia kabisa na anahisi anaweza kuchuma mpaka Kericho mjini, aketi.

"Siku haiumi pia?"

Hasa siku hiyo, Mama.

Ilimsumbua kuliko uchungu. Alisugua kidole kwenye jani la sukuma wiki mpaka likachanika. Watu watasema nini, akauliza. Nikamwambia watasema unachagua majani. Akatazama upande wa chai kwa muda mrefu. Nikadhani amekataa.

"Hiyo naweza," akasema.

Alhamisi, 25 Aprili

Matembezi ya mtoni tena. Mkanda nusu siku. Sikumkanda. Nimempima tu, nikamwonyesha kujinyoosha. Sijamwuliza inauma vipi. Nimeuliza: jana ulifanya nini, na leo asubuhi uliamkaje? Kwa swali hilo hana adabu ya kujikinga nayo. Akasema aliamka mgumu kama ubao, akakaa kitandani kwanza. Mara ya kwanza ananiambia kitu kama hicho.

Alhamisi, 9 Mei

Anachuma. Nusu mstari, gunia, nusu mstari. Asubuhi tu. Kikapu robo.

Mkanda hauonekani. Nimemwuliza uko wapi. Anafungia ndama.

Alhamisi, 16 Mei

Wiki mbaya. Jumatatu mgongo ulimkamata katikati ya mstari, na mimi sikuwapo, na vibarua wa shemeji walikuwa shamba la ng'ambo wanatazama. Nimeogopa kusikia yaliyofuata. Anasema alifika nusu yake, akaweka kikapu, akaketi, akachagua. Alikaa zaidi ya siku zote, kisha akainuka akamaliza nusu iliyobaki na si jani moja zaidi, akaenda nyumbani. Jumanne aliamka, akaenda tena.

Alinieleza haya akiwa ameketi kwenye kiti, hajalala kitandani. "Mbwa ilibweka sana," akasema. "Nikaiacha."

Nilitoka nje nikajifanya nafuata mpira wa mazoezi stoo. Machozi tu. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na mbili na sijui kama kuna siku nilimsaidia mtu hivyo.

Ijumaa, 24 Mei

Jana Mama alikuja jioni, amechelewa, kwa muda mfupi. Karani wa majani amesema mbele ya foleni nzima kwamba majani ya Mama Taprandich ndiyo safi kuliko yote kituoni. Kumbe ndiyo matokeo ya kuketi kwake. Sikuwa nimewaza hilo, nilikuwa nawaza mgongo tu. Arap Maritim alikuwapo. Mama anasema shemeji alisifu pia, kwa sauti.

Hakutaka kupimwa. Aliketi, tukanywa chai, akaniuliza kama mama yangu yuko hai. Nikasema alifariki. Akauliza nani ananipikia. Nikasema najipikia. Akafyonya.

Dereva wa trekta ameanza mazoezi ya kutembea, kwa kunitania kwanza, sasa kweli. Mke wa pasta bado yuko Merigi.

Alhamisi, 6 Juni

Hakuja. Alimtuma mtu: majani ni mengi, mvua imeyafumua.

Alhamisi, 13 Juni

Hakuja.

Niliwasha taa ya joto na hapakuwa na mtu chini yake. Nikaketi nikapasha mikono yangu.

Jumanne, 18 Juni

Wazee walikaa Jumamosi. Nimepata habari kwa Zipporah, tena juu juu, akiwa anakimbilia wodi. Ilikuwa fupi. Mzee mmoja aliuliza nani anachuma chai ile siku hizi, wakamtazama arap Maritim, na arap Maritim, sifa yake aipate, akasema ni mjane mwenyewe. Hapo maneno yakaisha. Shamba ni la Mama Taprandich. Wakala wakanywa.

Nimeshukuru Mungu. Kweli nimeshukuru.

Kisha nimekaa na kidonda. Siku tatu zimepita na hakuja kuniambia. Nimepata kwa mtu wa tatu, kama habari za bei ya mahindi. Najua hana wakati. Najua mgeni hahesabiwi kwenye mambo ya ukoo. Najua pia kwamba mtu aliyepona haendi hospitali, na nikitaka aje nitakuwa nataka augue. Yote nayajua. Inauma.

Alhamisi, 27 Juni

Benchi lina watu wanne. Wawili wanaumwa miguu, si mgongo. Nilimaliza kabla ya saa sita. Mkuu wa hospitali alichungulia akaniuliza kama niko likizo. Nikamwambia wagonjwa wangu wanapona. Akacheka, akadhani ni mzaha.

Nimeandika nilichojifunza ili nisisahau. Usiulize kiasi cha uchungu kwa watu walioapa kutousema. Usiseme "vumilia" huku, wanaweza kuliko unavyotaka. Tafuta njia ya mtu kupumzika bila kuonekana anapumzika. Hakuna lolote kati ya haya lililosemwa Nairobi. Ningependa kumsimulia mtu. Nilitembea mpaka wodini, Zipporah alikuwa na mama wawili kwa mpigo. Nikarudi.

Alhamisi, 4 Julai

Baridi. Ukungu haukuondoka mpaka mchana. Nimefikiria kuomba uhamisho, niende karibu na kwetu. Niliandika sentensi moja ya ombi, nikaona aibu ya kusema sababu. Nitaandika nini? Kwamba hapa nimefanikiwa?

Jumamosi, 13 Julai

Nilishuka kununua maziwa. Lori la majani lilikuwa limewahi, akina mama wanakimbia kutoka kila upande.

Nilimwona kabla hajaniona. Alitokea njia ya juu na kikapu, kamba kwenye paji la uso, aproni ya plastiki inang'aa kwa umande. Kikapu kilikuwa kimejaa. Alitembea kama wengine tu. Nilimtafuta kwa macho yale ya kazi, nyonga, bega, mguu unavyotua, na sikupata kitu cha kusahihisha.

"Daktari!" akaita. "Chamgei! Lori inaniacha." Akacheka, akanishika mkono kwa mkono mmoja, ule mwingine umeshika kamba. Kiganja kigumu, cheusi kwa utomvu wa chai. Kabla sijajibu salamu alishapita.

Nikabaki naangalia mgongo wake ukienda. Naujua ule mgongo kuliko uso wake, kila pingili. Sasa una kikapu juu yake na siuoni. Nilisimama mpaka karani akampimia na akapotea kati ya watu. Hakugeuka, na sikutaka ageuke, angechelewa.

Kisha nikanunua maziwa, nikapanda kurudi nyumbani.